Mashine ilisema vidole vya mama si vyake: ukaguzi wa mipakani unaelekea wapi?

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Huu uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu mwisho wa mwaka jana.

Mama yangu ni mkulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Aliingia kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwani ulipokuwa bado mgeni Zanzibar, na mpaka leo bamvua likifika, zile siku maji yanapokupwa sana, yuko baharini na wenziwe, maji magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba. Dada yangu ameolewa Ujerumani. Alipojifungua akaomba mama aende akamlee, kama desturi yetu ilivyo. Safari hiyo ndiyo iliyonifungua macho kuhusu vidole.

Tulivuka kwa boti hadi Dar kwenda kutoa alama kwa ajili ya visa. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, sina lawama naye. Vidole vinne vya kulia, vinne vya kushoto, halafu gumba zote mbili. Kioo kinawaka kijani, mama anabonyeza, skrini inatoa nyekundu. Kijana anampa kitambaa chenye unyevu ajifute, anarudia. Nyekundu. Anamshika mkono mwenyewe, anamkandamiza kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimesimama pembeni nikaiona ile picha: pembezoni mwa kidole mistari ipo, katikati kweupe kabisa, kama daftari lililofutwa kwa ufutio. Zaidi ya miaka 30 ya chumvi na kamba imekula mistari yote. Mwishowe walichukua zilizopatikana, na visa ikatoka.

Shida ilikuja aliposhuka kwenye kiwanja kimoja kikubwa cha Ulaya. Aliwekwa mbele ya mashine, uso ukapigwa picha, vidole vikasomwa vilinganishwe na vile vya Dar. Havikulingana. Akapelekwa kukaa kwenye chumba cha pembeni kwa muda wa karibu saa tatu, simu yake haina mtandao wa huko, lugha hajui, dada yuko nje na kichanga mkononi hajui mama yuko wapi. Mpaka alipopita mama mmoja wa makamo, afisa, akaishika mikono yake akaigeuza, akaitazama. Akasoma barua ya mwaliko, akapiga namba ya dada iliyoandikwa pale, akamgongea muhuri. Dakika 10 hazikufika.

Usiku ule mama akanipigia. Hakulalamika, aliuliza tu: "Mwanangu, wameniambia vidole hivi si vyangu. Basi vya nani?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu habari hizi. Sikuja hapa kusema teknolojia ni mbaya. Nimesimama kwenye foleni za pasipoti za kutosha, naijua faida ya geti linalofunguka kwa sekunde chache. Ninachotaka tujadili ni kimoja: mashine ikisema hapana, nani anasimama pembeni yake mwenye mamlaka ya kusema ndiyo? Kwa mama alikuwepo yule afisa, lakini alikuwepo kwa bahati.

Kwanza tujue kinachoendelea. Umoja wa Ulaya umeanza mfumo unaoitwa EES (Entry/Exit System), wa kuandikisha wageni wanapoingia na kutoka, tarehe 12 Oktoba 2025, ukiingizwa hatua kwa hatua, na ratiba yao iliweka tarehe 10 Aprili 2026 kuwa siku ya kukamilika. Ni nchi 29. Muhuri kwenye pasipoti unaondoka, mahali pake inakaa rekodi ya kompyuta: uso wako, siku uliyoingia, siku uliyotoka. Asiyehitaji visa anatoa vidole vinne na picha palepale mpakani. Sisi tunaoomba visa vidole vyetu 10 vimeshakaa kwenye kanzidata ya visa tangu ubalozini, kwa hiyo mpakani wanalinganisha tu na kuongeza picha ya uso. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole kwenye mfumo huu. Rekodi inakaa miaka 3 baada ya kutoka kwako. Ikiwa hakuna rekodi kwamba ulitoka, inakaa miaka 5. Na zile siku 90 ndani ya siku 180 ambazo mgeni anaruhusiwa kukaa, na ambazo zamani afisa alizihesabu kwa kupekua mihuri, sasa mfumo unazihesabu wenyewe.

Wamarekani walianza zamani zaidi, Januari 2004, baada ya yale ya Septemba 11, kwa vidole viwili ambavyo baadaye vikawa 10. Na kuanzia tarehe 26 Desemba 2025 kanuni yao mpya inaruhusu kila asiye raia apigwe picha ya uso anapoingia na anapotoka. Ule msamaha wa watoto chini ya miaka 14 na wazee wa zaidi ya miaka 79 umeondolewa.

Sasa tuje kwenye vidole vyenyewe, maana hapa ndipo wengi hatuelewi. Mashine haiitazami picha ya kidole kama sisi tunavyotazama picha. Inatafuta pale mstari unapokatika na pale mstari mmoja unapogawanyika kuwa miwili, inaandika nafasi na mwelekeo wa kila alama, basi. Hizo alama ndizo kidole chako machoni pake. Unaporudi tena inahesabu ngapi zinakubaliana na za mwanzo, inatoa kiwango cha ufanano, na kuna kizingiti: ukikivuka wewe ndiye, usipokivuka wewe siye. Kizingiti hicho kimewekwa na mtu. Kikipandishwa, matapeli wachache watapita lakini akina mama wa mwani wengi watakwama. Kikishushwa, kinyume chake. Hakuna mahali kinapoweza kuwekwa pasiwe na anayeumia, na hilo halijaandikwa popote kwenye ile mashine.

Na vidole vinavyofutika ni vya watu gani? Fundi mwashi anayeshika sementi kila siku. Mama anayesokota kamba za usumba. Mkata mkonge, mfua nguo, mkulima wa jembe la mkono, mzee yeyote ambaye ngozi imekauka. Bi harusi aliyepakwa hina na piko mpaka ncha za vidole naye atarudishwa nyumbani asubiri ifutike. Tunaokumbuka foleni za kusajili laini za simu mwaka 2019 mpaka Januari 2020 tuliwaona wazee wetu wakibonyeza kile kifaa mara kumi kumi pale kwa wakala. Tulidhani ni ubovu wa kifaa.

Wengine watasema basi tutumie uso, uso haufutiki. Nami nilidhani hivyo. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti baada ya kupima programu 189 za watengenezaji 99, kwa picha zaidi ya milioni 18 za watu zaidi ya milioni 8, zikiwemo picha za visa na za mipakani. Kwenye kulinganisha sura moja na nyingine, programu nyingi ziliwachanganya watu wawili tofauti zikawafanya mmoja, na kwa sura za Waafrika na Waasia kosa hilo lilikuwa mara 10 mpaka mara 100 zaidi kutegemea programu. Viwango vya juu kabisa vilikuwa kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki. Vya chini kabisa vilikuwa vya watu wa Ulaya Mashariki. Someni hapo tena wakuu: Afrika Mashariki imetajwa.

Ripoti hiyohiyo ina jambo jingine la maana sana. Programu kadhaa zilizotengenezwa China hazikuwa na udhaifu huo kwa sura za Asia ya Mashariki. Na programu bora kabisa zilikuwa na tofauti ndogo mno baina ya watu. Maana yake tatizo haliko kwenye ngozi yetu, liko kwenye picha alizofundishiwa mashine na kwenye uamuzi wa nchi inanunua programu gani. Hilo linarekebishika. Lakini aliyekaa kwenye kiti cha chumba cha pembeni leo hawezi kusubiri programu ya mwakani.

Tofautisheni pia aina mbili za ukaguzi. Kuna ule wa "je, huyu ndiye mwenye pasipoti hii?", sura moja kwa moja. Na kuna ule wa "huyu ni nani kati ya hawa wote?", sura moja dhidi ya kanzidata nzima. Kwa wa kwanza kosa linakuchelewesha. Kwa wa pili kosa linaweza kukupa jina la mtu mwingine, pengine anayetafutwa.

Wenzetu wa Ghuba nao wana njia yao. Falme za Kiarabu walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kusoma jicho, lile duara la rangi linalozunguka mboni, hasa kuwanasa waliofukuzwa nchini wanaorudi na pasipoti yenye jina jipya. Jicho halichakazwi na sementi wala chumvi, na kwa usahihi linavipita vidole. Wapo waliojaribu kujitia dawa ya macho ili mboni ipanuke mashine ishindwe kusoma, ikabidi ukaguzi wa dawa hiyo uongezwe. Vijana wetu wengi wanaokwenda kutafuta maisha Dubai wamepita kwenye mfumo huo, na kwa mtu wa mikono ya kazi, kwa maoni yangu, jicho ni haki zaidi kuliko kidole.

Niishie hapo kwa leo. Karibuni.

*

Nimerudi. Ahsanteni kwa michango, nitajibu ninayoweza.

Mkuu aliyeandika kwamba "mtu asiye na hatia hana cha kuogopa": nakuelewa, na miaka miwili nyuma ningeandika hivyohivyo. Lakini tazama kilichotokea kaskazini mashariki mwa Kenya. Wakati wa ukame na njaa, Wakenya wenye asili ya Kisomali wa Garissa, Wajir na jirani zake waliandikishwa kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula, wengi wao wakiwa watoto, wameshikwa mkono na wazazi. Vidole vikachukuliwa. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mfumo ukajibu: huyu ni mkimbizi. Maelfu ya watu, raia wa kuzaliwa, wakakaa miaka bila kitambulisho, bila akaunti ya benki, bila kazi rasmi, wanaogopa hata kupita kizuizi cha polisi barabarani. Kosa lao ni kupewa unga wakiwa wadogo. Mtu asiye na hatia alikuwa na cha kuogopa, mkuu. Alama ya kidole haisemi kwa nini ilichukuliwa.

Tena kuna wizi. Mwaka 2019 picha za wasafiri waliopita mpaka wa nchi kavu wa Marekani ziliibwa kutoka kwa kampuni iliyopewa kandarasi na idara yao ya forodha na mpaka, na baadhi zikaonekana kwenye intaneti ya gizani. Nywila ikiibwa unabadilisha. Pasipoti ikipotea unatoa taarifa polisi unapata nyingine. Uso utaubadilisha wapi?

Dada aliyeuliza kama hili jambo ni geni kwetu: si geni hata kidogo, na naomba vijana walijue. Wakoloni Kenya walipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, wakaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba kipande: jina lake, mwajiri wake, mshahara wake na alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukitoka eneo lako bila kipande, unakamatwa. Neno "kipande" mpaka leo wazee wa Kenya hulitamka kwa uchungu. Vidole vyetu vimeshawahi kutumika kutuzuia kutembea kwenye ardhi yetu wenyewe, ndiyo maana nasema lazima tuulize maswali mapema.

*

Kuhusu sisi wenyewe, maana kuna aliyesema nalaumu Ulaya tu.

Hapana. Pasipoti zetu za kielektroniki Tanzania zilizinduliwa Januari 2018, Kenya walianza mwaka uliotangulia, Uganda na Rwanda wakafuata. Ile alama ya kimstatili chenye duara katikati kwenye jalada inamaanisha ndani mna chipu yenye picha ya uso wako na sahihi ya kidijitali ya serikali. Mtu akibandua picha na kubandika yake, chipu inamuumbua. Hilo ni zuri kabisa, nalishangilia. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tu. Pale Namanga kituo cha pamoja kilifunguliwa Desemba 2018, ukaguzi wa nchi mbili chini ya paa moja. Haya ni maendeleo ya kweli, na mwenye kuikumbuka Namanga ya zamani, mara dirisha hili mara kule ng'ambo, hatabisha.

Lakini tunapokwenda huko kwenye mageti ya uso na vidole, tukumbuke nani anavuka mipaka yetu. Si mfanyabiashara mwenye laptopu peke yake. Ni mama wa vitunguu, ni Mmasai ambaye boma la kaka yake liko upande wa pili, ni mkulima wa mpaka wa Rusumo. Mikono yao ni kama ya mama yangu. Mashine iliyopimwa kwa vidole vya watu wa ofisini itawaangusha wao kwanza. Ningependa kabla serikali yoyote ya Jumuiya haijanunua, ijaribu vifaa hivyo kwa wiki kadhaa palepale sokoni mpakani, itangaze ni wangapi walikataliwa kimakosa na kwa nini.

Sheria tunayo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wana yao tangu 2019. Na mahakama zinaweza kufanya kazi: Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliizuia serikali isikusanye vinasaba kwenye ule usajili wa Huduma Namba, namba moja ya kidijitali kwa kila mkazi, ikataka kwanza sheria madhubuti ya kulinda taarifa za watu. Kesi hiyo ilifunguliwa na Wanubi, jamii ambayo kwa vizazi imekuwa ikihangaika kupata vitambulisho.

*

Kijana aliyeuliza kuhusu miaka 10 ijayo: mwelekeo ni kuondoa pasipoti mkononi. Singapore tangu 2024 wakazi wake wanapita Changi kwa uso na jicho, pasipoti imekaa mfukoni. Finland kuanzia Agosti 2023 walijaribu na abiria wa ndege za kwenda na kurudi Uingereza: taarifa za pasipoti zinatumwa kwa simu kabla ya safari, mpakani wanahakikisha uso tu. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeshaweka viwango vya hati hiyo ya kidijitali, na Oktoba 2024 Tume ya Ulaya ikapendekeza programu ya simu ya namna hiyo kwa nchi zake zote.

Wezi nao hawajalala. Siku hizi wanachanganya sura mbili kwenye picha moja, watu wawili watumie pasipoti moja. Mwaka 2018 kikundi cha wanaharakati Ujerumani kilipata pasipoti halali kwa picha ya mchanganyiko kama huo ili kuonyesha udhaifu. Kuanzia Mei 2025 Ujerumani haipokei tena picha ya karatasi kwa ajili ya pasipoti. Picha inapigwa ofisini au inatumwa na mpiga picha kwa njia salama.

Mimi hofu yangu kwa hiyo miaka 10 ni yule afisa wa makamo kuondolewa. Geti likishika kazi yote, watabakisha afisa mmoja kwa mageti mengi, naye atakuwa anaiangalia skrini badala ya kuangalia mikono ya mtu.

*

Wengi mmeniuliza faragha nini cha kufanya mzazi akiwa na vidole vilivyofutika. Naandika hapa hadharani kuwasaidia wote.

Wiki mbili kabla ya kutoa alama apumzishe mikono: asishike sabuni kali, sementi, wala maji ya chumvi. Kila usiku apakwe mafuta ya nazi au vaselini, lakini siku yenyewe anawe, vidole viwe safi na vyenye unyevu kidogo. Hina na piko marufuku kwenye ncha. Mwambieni mhudumu mapema kwamba vidole vyake havisomeki vizuri. Sheria ya Ulaya inamsamehe mtu ambaye kimwili vidole vyake haviwezi kuchukuliwa, na inataka utu wake ulindwe wakati wa kuchukuliwa alama. Abebe barua ya mwaliko iliyochapishwa yenye namba ya simu ya mwenyeji kwa herufi kubwa, kwa mama ndiyo iliyomwokoa. Na kama rekodi ina kosa, msafiri ana haki ya kuomba kuiona na kuirekebisha. Dada yangu ameshaandika barua kuomba hivyo, nitaleta mrejesho hapa.

Jambo la mwisho, maana kuna aliyeuliza kama mama atakubali kusafiri tena. Atakubali, mjukuu ameanza kutambaa na kila siku wanaonana kwenye simu. Alama za visa ubalozi unaweza kuzitumia tena ndani ya miezi 59, lakini zake mimi nataka zichukuliwe upya, safari hii mikono ikiwa imepumzika. Nilipomweleza habari ya wiki mbili bila kugusa maji alinyamaza akahesabu kwa vidole hivyohivyo. Wiki mbili ni bamvua moja zima. Kamba zake zote zitakuwa zimekomaa na hakuna wa kuzivuna, ila awaombe wenziwe. Ameshaanza kuwaomba.